Mvuje, Upupu na Mzizi wa Nyoka: Dawa za Akili katika Historia ya Korogwe na Handeni

Kamati ya kitabu hiki cha kumbukumbu ilipogawa kazi, wenzetu wengine walikabidhiwa historia ya jengo la hekalu, wengine orodha ya wafadhili, na wengine picha za zamani. Sisi tukapewa kabati. Ni kabati la mvule lenye droo ndogo ndogo na rafu mbili za chupa, lililoletwa hekaluni kutoka katika duka moja lililofungwa, na kwa miaka mingi limekaa chumba cha nyuma likihifadhi tambi na kafuri za aarti. Tuliambiwa tueleze kwa ufupi lilikuwa na dawa gani, na dawa hizo zilifikaje Korogwe na Handeni. Tulidhani ni kazi ya juma moja. Imetuchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya droo zile zilikuwa za dawa za kichwa, yaani za akili, usingizi, woga, kifafa na kutetemeka, na historia ya dawa hizo haikukaa ndani ya ua wetu peke yake.

Tuanze na safari. Kabla ya reli, bidhaa za Bara Hindi zilishushwa Pangani kutoka katika majahazi yaliyokuja na kaskazi, na kutoka hapo misafara ilifuata bonde la mto ikipita Korogwe na Mazinde kuelekea bara. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda njia hiyo hadi Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, na kwa maelezo ya Burton mwenyewe, jambo alilolitaka kwa wageni wake lilikuwa dawa ya kumrudishia afya na ujana. Hawakuwa nayo. Kimweri aliaga dunia mwaka 1862. Tumekitaja kisa hicho kwa sababu wazee wetu nao, walipofika na mizigo yao miaka mingi baadaye, walikuta matazamio yale yale: mgeni mwenye shehena hakosi kuwa na dawa.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge ulienea kandokando yake, na maduka yakafuata mkonge. Handeni haikupata reli; bidhaa zake zilivuka mto na kusafiri kwa vichwa vya watu, kisha kwa malori, kupitia miombo na vumbi jekundu. Wengi wa wazee wetu walitoka Kathiawar na Kutch, na Kathiawar ndiko uliko mji wa Jamnagar, ambao waganga wake wa Ayurveda, waitwao vaid, wana sifa ya zamani. Kufikia mwaka 1910 jina la mmoja wa vaid wa Jamnagar, Zandu Bhatt, lilikuwa limepewa kiwanda cha dawa huko Bombay, na dawa za kuchanganywa kwa mkono zikaanza kuwa dawa za chupa zenye lebo. Baadhi ya chupa za kabati letu ni za namna hiyo. Katika miji yetu miwili, hata hivyo, aliyefanya kazi ya vaid alikuwa mwenye duka, na mara nyingi zaidi mama wa mwenye duka. Si ajabu: neno gandhi kwa Kigujarati lilikuwa jina la kazi kabla ya kuwa jina la ukoo maarufu, na kazi yenyewe ilikuwa kuuza viungo, manukato na dawa kwa pamoja.

Ayurveda haikuyapuuza maradhi ya akili. Charaka Samhita, mkusanyiko wa tiba uliotungwa yapata miaka 2000 iliyopita, una sura nzima juu ya unmada, ambayo ni wazimu, na sura inayoifuata ni ya apasmara, ambayo ni kifafa. Wazimu umegawanywa huko katika aina tano. Tatu zatokana na kuvurugika kwa vata, pitta au kapha, nguvu tatu zinazouendesha mwili. Ya nne yatokana na zote tatu kwa pamoja. Na ya tano humjia mtu kutoka nje, kwa kuguswa na miungu, na mizimu au na pepo. Tiba nayo ina njia tatu: ile inayotegemea mambo ya kimungu, kwa mantra, sadaka na hirizi, ile inayotegemea akili na kipimo, kwa chakula na dawa, na ile ya kuizuia nafsi isivifuate vitu vinavyoidhuru. Dawa nyingi za sura hizo hupikwa ndani ya samli, nyingine iliyokaa miaka mingi.

Mzee wa Kizigua akisomewa mpango huo hatauona mgeni. Mganga wa Uzigua au wa Ushambaa naye huanza kwa kuuliza kama ugonjwa ni wa Mungu au ni wa mtu, na jibu ndilo linaloamua kama mgonjwa atapewa mzizi peke yake au mzizi pamoja na kupungwa. Jina la Handeni limebeba sifa ya uganga nchi nzima, sifa ambayo wenyeji wenyewe huicheka na kuichukia kwa wakati mmoja. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilimweka mganga katika mashaka, kwa maana aliyepiga ramli aliweza kushtakiwa pamoja na aliyedaiwa kuroga. Mwenye duka hakupata mashaka hayo. Alikuwa na leseni ya biashara, na kilichokuwa ndani ya droo zake kiliitwa viungo vya mchuzi. Ndivyo ilivyotokea kwamba mganga wa Handeni na bibi zetu walinunua katika droo ile ile.

Droo hiyo ni ya mvuje, na hata leo, miaka mingi baada ya kumwagwa, harufu haijatoka kwenye mbao. Mvuje ni utomvu mkavu wa mmea wa Iran na Afghanistan. Sisi twauita hing, na chembe yake moja katika mafuta ya moto yatosha kuwajulisha majirani kwamba dengu ziko jikoni. Charaka anautia katika samli ya wendawazimu. Waswahili wa pwani na Wazigua wa bara waliununua kwa sababu iliyo karibu na hiyo: harufu yake hufukuza shetani. Ulifungwa katika kitambaa na kuvikwa mtoto mchanga, ulifukizwa chini ya kitanda cha anayeweweseka, na zaidi ya yote ulitumiwa kwa degedege, pale mtoto anapokakamaa, macho yakageuka juu na mikono ikatikisika.

Hapa tuna neno ambalo vitabu vya kumbukumbu kwa kawaida hulipita. Mmoja wetu, alipokuwa kijana wa kukaa dukani Korogwe, alifungua mlango alfajiri moja ya masika akamkuta mama amesimama na mtoto mgongoni. "Kaka, nipimie mvuje wa degedege," mama akasema. Kijana akapima, akafunga katika kipande cha gazeti, akapokea senti zake na kurudi kufungua madirisha. Mtoto alikuwa amelegea ndani ya kanga, kichwa kikining'inia upande. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kijana aliijua njia. Hakuuliza neno wala hakunyoosha kidole. Mama yule hakuonekana tena dukani, na jirani mmoja alieleza sababu kabla jua halijatua. Mwenzetu ametuomba tukiandike kisa hiki bila jina lake na bila jina la duka, nasi tumekubali, ila tulisisitiza kiandikwe.

Degedege katika bonde hili mara nyingi ni malaria kali, iliyopanda hadi kwenye ubongo au iliyoleta homa kubwa mno. Korogwe yaijua malaria kuliko miji mingi duniani. Ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kwa watoto kuanzia mwaka 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Katika ugonjwa huo saa chache ndizo zinazoamua. Mvuje haumuui mtoto. Kinachomuua ni saa zilizopotea wakati mvuje unafukizwa. Tukiisifu hekima ya kabati na kulinyamazia jambo hili, tutakuwa tumeandika nusu ya historia.

Na waliozidiwa na wazimu kabisa walipelekwa wapi? Wasomaji wengi hawajui kwamba hospitali ya kwanza ya maradhi ya akili Afrika Mashariki imo katika wilaya yetu ya Korogwe, huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walikianzisha kituo hicho mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 kikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Miaka mingi ilipita kabla ya hospitali ya Mirembe kufunguliwa Dodoma. Wakati Lutindi ilipoanza, tiba ya Ulaya kwa wazimu haikuwa na dawa ya maana. Ilikuwa na hewa safi, sala, bustani na kazi za mikono. Mtu akiiweka tiba hiyo kando ya njia tatu za Charaka ataona kwamba njia ya kwanza na ya tatu zilikuwako, na iliyokosekana ni ile ya pili, ya dawa. Lutindi ipo hata sasa chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na wagonjwa bado hufanya kazi za mikono, lakini sasa wanapewa na dawa.

Dawa hizo zilifunguliwa mlango, kwa sehemu, na mzizi uliokuwa katika chupa ya rafu ya juu ya kabati letu. Ni sarpagandha, mzizi wa nyoka, ambao vijijini Bihar uliuzwa waziwazi kuwa dawa ya vichaa. Mwaka 1931 matabibu wawili wa Calcutta, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo hutuliza wazimu na kushusha shinikizo la damu. Mwaka huo huo mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga alkaloidi zake, akaiita mojawapo ajmalini, kwa heshima ya Hakim Ajmal Khan wa Delhi. Twapenda kukumbusha hapa kwamba Mwislamu huyo, tabibu wa Yunani, ndiye aliyeupigania mzizi wa Ayurveda ufanyiwe utafiti. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, aliueleza ulimwengu katika jarida la Uingereza, na mwaka 1952 wakemia wa Basel wakaipata resapini. Mwaka 1954 Nathan Kline aliwapa wagonjwa wa hospitali moja ya akili katika jimbo la New York, na kelele za wodi zikapungua.

Furaha hiyo ilikuwa na doa. Miongoni mwa waliotumia resapini kwa shinikizo la damu, wako waliozama katika huzuni nzito, na wengine wakaanza kutetemeka na kukakamaa. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura resapini hadi wakalala wasiweze kusogea, kisha akawadunga dutu iitwayo L-dopa, wakainuka. Kutokana na hapo ikafahamika kwamba ubongo hutumia dopamini kuuendesha mwili, na kwamba watu wa ugonjwa wa Parkinson wamepungukiwa nayo. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mzizi wa wazee wetu umo katika kisa hicho, ila umo kama kitu kilichowalaza sungura, nasi hatuoni haja ya kuuremba.

Sarpagandha wenyewe haukuota kwetu. Ndugu yake alikuwako. Msesewe, mti unaopenda kingo za mito, ambao Wachaga hutia ganda lake katika mbege, ni wa jenasi ile ile, na jamaa yao mwingine wa misitu ya Kongo alivunwa kwa wingi viwanda vilipohitaji resapini. Bibi zetu walikaa miaka mingi wakiagiza mzizi kutoka Bombay bila kujua kwamba jamaa yake yuko juu ya mlima.

Kichekesho kikubwa zaidi kimo katika droo ya mwisho, iliyoandikwa kwa Kigujarati kaucha. Tulipoifungua tulikuta punje chache nyeusi zinazong'aa, na mlinzi wa hekalu, aliyezaliwa Handeni, akaruka nyuma. "Huo si upupu?" akauliza. Ndio. Mbegu tuliyokuwa tukiisafirisha kwa meli kutoka Gujarat ili kupika nayo halua ya wazee wakati wa baridi ni mbegu ya upupu, mmea ule ule unaowafukuza watoto porini na ambao wanafunzi watundu huupaka kwenye viti vya darasa. Wataalamu wa mimea huuita Mucuna pruriens. Kwa Kisanskrit ni kapikacchu, mwasho wa nyani. Ayurveda huutumia kwa kampavata, ugonjwa wa kutetemeka, na mwaka 1937 wanasayansi wawili wa India, Damodaran na Ramaswamy, walipata ndani ya mbegu zake L-dopa, dutu ile ile ya sungura wa Carlsson. Walitangulia kwa miaka 20. Mwaka 2004 madaktari wa London waliupima unga wa upupu kwa wagonjwa wanane wa Parkinson na kuona kwamba uliwapunguzia ugumu wa viungo kwa kadiri ya kulinganishwa na kidonge.

Nchini mwetu jambo hili si la udadisi tu. Uchunguzi uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba wengi wa wenye ugonjwa huo hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Walihesabiwa kuwa ni wazee wanaotetemeka kwa uzee au kwa kurogwa. Kidonge cha L-dopa ni ghali na hakipatikani kila mahali, na upupu umejaa vichakani. Kijana yeyote mwenye simu aweza kuunganisha mambo hayo mawili na kwenda kumchemshia babu yake. Tafadhali asifanye hivyo. Mwaka 1989, wakati wa njaa na vita, watu wapatao 200 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, walishikwa na wazimu wa ghafla, na uchunguzi ukauelekea upupu waliokuwa wamekula. Kwa desturi mbegu hizo huchemshwa mara kwa mara na maji yake kumwagwa. Wazigua waelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa ndiga, kiazi cha porini cha miaka ya njaa, nacho huua asiyejua kukilowesha. Mbegu iliyo na dawa ya mishipa ya fahamu ina uwezo wa kuivuruga mishipa hiyo hiyo, na kipimo hakionekani kwa macho. Bibi zetu waliichemsha kwa maziwa, wakaimenya, wakaikaanga kwa samli, wakatoa kipande kidogo kwa siku.

Droo nyingine tutazipitia kwa haraka. Ashwagandha, ambayo jina lake lamaanisha harufu ya farasi, huota yenyewe katika sehemu kavu za Tanzania. Ni kijiti chenye matunda mekundu yaliyofunikwa na ganda kama karatasi. Mmea wa mandukaparni, wa kutuliza na kunoa kumbukumbu, hutambaa kando ya vijito vya Usambara. Shankhpushpi ni jina ambalo vaid mbalimbali huyapa majani tofauti, na mojawapo huota pia katika nyika zetu. Kungumanga ilitoka Unguja, ikasagwa ndani ya maziwa kwa asiyepata usingizi. Tulsi ya uani ni ndugu wa kivumbasi, na tumewasikia wapishi wakibishana ni ipi ifukuzayo mbu zaidi. Katika hizi zote, ashwagandha peke yake ndiyo iliyofanyiwa majaribio mengi ya kisasa kuhusu wasiwasi na usingizi. Mengi ni madogo, yana matumaini, na pamekuwapo pia taarifa za ini kudhurika. Anayetumia dawa za hospitali za kifafa au za akili asiziache kwa ajili ya yoyote kati yake. Kifafa kikiachiwa ghafla hurudi kwa nguvu.

Kabati lilianza kufungwa mwaka 1967, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa na wateja wa mwisho wa mwezi wakapungua. Mwaka 1971 zilitaifishwa nyumba, na familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza na Kanada. Waliobaki Handeni walikutana na Operesheni Maduka ya mwaka 1976. Waliondoka na watu waliojua kipimo; chupa zilibaki. Upande wa pili mambo yalikwenda kinyume: mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikampa mganga baraza na cheti. Mganga wa Handeni ambaye babu yake alikwepa polisi leo aweza kutundika usajili ukutani. Ujuzi wa bibi zetu haukuandikwa popote.

Tumezihesabu droo 32. Lebo za 19 zimesomeka, kwa msaada wa akina ba wawili walioko Tanga ambao bado wanasoma mwandiko wa Kigujarati wa zamani. Vilivyobaki ndani tumevifukia nyuma ya ua, punje za upupu zikiwa zimechemshwa kwanza ili zisiote. Siku ya maadhimisho kabati litawekwa ukumbini, kushoto kwa mlango, likiwa na majina kwa Kigujarati, Kiswahili, na pale tulipoyapata, Kizigua na Kishambaa. Hakuna dawa itakayouzwa wala kugawiwa. Mwenye kuzijua droo 13 zilizosalia, awe wa jamii yetu au jirani, tunamwomba azungumze na mmoja wa kamati kabla ya aarti ya jioni.